Je, Wajua? Sanduku la Zanzibar Huenda Limetoka India

Je, wajua kwamba mengi ya masanduku ya kale yaitwayo ya Zanzibar, yale yaliyopambwa kwa misumari na mabamba ya shaba, yalitengenezwa India? Mafundi wa Surat, Bombay na pwani ya Malabar waliyaunda kwa msaji na mbao nyingine ngumu, na majahazi yakayaleta kwa pepo za kaskazi. Baadaye mafundi wa huku Zanzibar nao walitengeneza ya kwao. Wapo wasemao kwamba, ikiwa ni hivyo, jina hilo ni la uongo. Hoja hiyo inatazama karakana peke yake. Umbo la sanduku lenyewe linaeleza kazi yake: kufuli, saraka chini, na ndani kijisanduku cha vito, pengine chenye sehemu ya siri. Kazi hiyo ilifanyika katika nyumba za pwani ya Afrika Mashariki, ambako bibi harusi alihifadhi nguo na dhahabu zake. Matumizi ndiyo yaliyolipa sanduku uenyeji.

Kwa hiyo, kuligeuza pambo tupu la sebuleni ni kulipunguzia thamani. Mtu atapinga akisema kwamba matumizi huchakaza. Ni kweli, lakini jua kali, unyevu wa sakafu na kusugua shaba mara kwa mara kwa dawa kali huharibu zaidi. Liinuliwe juu ya miguu, lipanguswe kwa kitambaa kikavu, litiwe kanga na mashuka. Sanduku linalofunguliwa mara kwa mara hupata hewa, na wadudu wa mbao hugunduliwa mapema.