Picha Zako Amekuwekea Nani?

Tarehe 1 Juni, 2021, kampuni ya Google ilikomesha utaratibu wa kuwahifadhia watu picha bila kikomo wala malipo. Picha mpya zikaanza kuhesabiwa pamoja na barua-pepe na hati katika nafasi ya gigabaiti 15, na aliyezidisha akatakiwa kulipa. Miaka miwili kabla yake, Flickr, ambayo hapo awali ilitoa nafasi ya terabaiti moja bure, ilikuwa imewawekea wasiolipa mpaka wa picha 1,000 na kutangaza kwamba za ziada zingefutwa.

Sisemi kwamba kampuni hizo zilimdhulumu mtu. Nyumba ni yao na kodi ni haki yao. Ninalouliza ni hili: mbona kumbukumbu za maisha yetu yote tumezilaza katika nyumba ya kupanga, pasipo kuwa na hata chumba kimoja cha kwetu?

Jawabu lipo, wala si la wahandisi peke yao. Nyumbani kwangu nimeitwaa tarakilishi ya mezani iliyokwisha kustaafu nikaifanya seva, yaani mashine ya kuzihudumia nyingine. Ina diski ya terabaiti moja. Ikiwa picha ya simu ina megabaiti 4, kadiri ambayo ni ya kawaida, diski hiyo itameza picha zipatazo 250,000. Juu yake huwekwa programu ya kuzipanga na kuzionyesha picha. Ipo Piwigo, iliyozaliwa Ufaransa mwaka 2002, na ipo Immich, iliyoanza mwaka 2022, ambayo huzipokea picha moja kwa moja kutoka simu za jamaa wa nyumba. Zote mbili ni programu huria: hazinunuliwi, na yeyote anaruhusiwa kuchunguza jinsi zilivyoundwa. Zikishawekwa, hufanya kazi katika mtandao wa ndani ya nyumba hata siku ambayo intaneti imekatika.

Hata hivyo, anayehamia kwake huwa ndiye bawabu. Umeme ukipotea ghafla faili huweza kuharibika, basi yafaa pawe na betri ya akiba ya kuipa mashine muda wa kuzimika kwa utaratibu. Diski nayo hufa bila kuaga. Ndiyo maana mpiga picha Peter Krogh aliwafunza wenzake kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za kila picha, katika vyombo vya aina mbili, na nakala moja iwe mbali na nyumbani. Moto au mwizi akiingia, hatazikuta zote mahali pamoja. Na anayetaka kuzitazama picha zake akiwa safarini asiufungulie ulimwengu mzima lango. Atumie njia ya siri kama WireGuard, ambayo humpitisha mwenye ufunguo peke yake.

Hayo ni ya mafundi. Langu mimi mwanaisimu ni neno. Tangu mwaka 1995 pamekuwepo kanuni iitwayo Exif, ambayo kwayo kamera huandika ndani ya picha tarehe, saa na aina ya kamera, na pengine mahali. Immich huenda mbele zaidi ikazitambua sura zinazofanana na kuziweka fungu moja. Lakini mashine haijui kwamba mzee yule yule ni baba kwa huyu, mjomba kwa yule na babu kwa watatu aliyepakatwa. Haijui kama waliokusanyika chini ya mwembe wamekuja kuposa au kuzika. Uhusiano wa watu umo katika lugha, na usipoandikwa hufa pamoja na anayeujua.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Picha elfu kumi zisizo na maelezo ni mali ya namna hiyo. Yatosha kuandika mambo manne: ni nani hawa, ni wapi, ni lini, na walikuwa wakifanya nini. Yaandikwe kwa Kiswahili, au kwa lugha ya wale waliomo pichani, maana majina ya vyombo, mavazi na sherehe hayana tafsiri kamili kwingineko. Tena yaandikwe ndani ya faili yenyewe kwa kanuni za IPTC, zile zitumiwazo na wapiga picha wa magazeti, ili picha ikihama isiyaache maneno yake nyuma.

Nawageukia walimu. Historia ya shule nyingi leo imo katika simu za watu binafsi: michezo ya kuigiza, mashindano ya riadha, siku ya kupanda miti. Mwalimu akihamishwa, historia huondoka naye mfukoni. Shule yenye tarakilishi moja ya ziada yaweza kuwa na hazina yake, na wanafunzi wakapewa zoezi la kuandika maelezo ya picha. Sijui insha iliyo bora kuliko hiyo, kwa kuwa humlazimu mtoto kumwendea mzee na kumwuliza. Lakini Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ikumbukwe: habari za mtoto, pamoja na sura yake, hazitumiwi pasipo idhini ya mzazi au mlezi. Hazina iliyo mikononi mwa shule, yenye nywila na orodha ya wanaoruhusiwa kuingia, huurahisisha wajibu huo kuliko picha zinazotupwa ovyo mitandaoni.

Simwambii mtu azikimbie kampuni kubwa. Nakala iliyo kwao yaweza kuwa ile ya tatu, ya mbali. Ila ya kwanza na iwe kwako, na majina yaandikwe wakati wayajuao wangali hai. Ajizi ni nyumba ya njaa.