Mashine inayompokea abiria gatini (2)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi meli za kitalii zilivyokua hadi kufikia ukubwa wa mtaa mzima unaoelea. Leo tuingie katika jengo la abiria, mahali ambapo kampuni za meli zinamtaka msafiri ajisajili mwenyewe bila kukaa mbele ya karani. Nitazungumzia Florida, Marekani, hasa bandari ya Miami, kwa sababu ni miongoni mwa mahali ambapo kazi hii inafanyika kwa wingi zaidi duniani. Katika mwaka wa fedha wa 2024 bandari hiyo ilipitisha zaidi ya abiria milioni 8 wa meli za kitalii.

Wingi huo una tatizo lake. Ichukue meli ya Icon of the Seas ya kampuni ya Royal Caribbean, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024. Ikijaa kabisa inabeba abiria 7,600, na wafanyakazi wake ni 2,350. Inapofunga gati asubuhi, maelfu hao wanatakiwa washuke na mizigo yao, vyumba visafishwe, chakula cha wiki nzima kipakiwe, kisha maelfu wengine wapande kabla ya jioni. Na abiria wote hao, wa kushuka na wa kupanda, hupitia jengo hilohilo. Uwanja wa ndege hupokea watu wengi zaidi kwa siku, lakini unawapokea kidogo kidogo, ndege baada ya ndege. Hapa wote wanaelekea chombo kimoja, na chombo hicho kina muda mmoja tu uliopangwa wa kuondoka.

Zamani suluhisho lilikuwa kupanga makarani hamsini au zaidi kwenye kaunta ndefu. Kila karani alichukua pasipoti, akaandika majina, akauliza maswali ya afya, akachukua kadi ya benki kwa matumizi ya melini, akapiga picha, akatoa kadi ya plastiki ya kufungulia chumba. Ukijumlisha dakika hizo chache kwa kila familia ndipo unapoelewa zile foleni zilizokuwa zikitoka hadi nje ya jengo, juani.

Mashirika ya ndege ya Marekani yalianza kuweka mashine za kujisajili katikati ya miaka ya 1990, na wengi wetu tumeziona katika viwanja vya ndege. Mtu angedhani kampuni za meli zingeziiga tu. Lakini kazi za gatini si zile za uwanja wa ndege. Abiria wa ndege hupimiwa mzigo, abiria wa meli hapimiwi. Yeye huchapa lebo yenye namba ya chumba chake akiwa nyumbani, akafika na kuukabidhi mzigo kwa wachukuzi pale pale anaposhukia garini, nao ukapita kwenye eksirei na kupelekwa hadi mlangoni pa chumba. Kwa hiyo mizani na mkanda wa mizigo, vinavyochukua nafasi kubwa uwanjani, gatini havina kazi. Kazi kubwa ya gatini ni karatasi na sura: kuthibitisha kwamba huyu ndiye aliyelipa, kwamba ana haki ya kuingia katika nchi ambazo meli itatia nanga, na kwamba ataruhusiwa kurudi Marekani safari ikiisha.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya kile kinachoitwa kujihudumia hufanyika kwenye simu, siku nyingi kabla ya safari. Abiria hufungua programu ya kampuni, akajaza majina na namba ya pasipoti, akajipiga picha, akaweka kadi ya malipo, akachagua saa ya kufika gatini. Akifika, kilichobaki ni kuhakiki. Mwaka 2018 Royal Caribbean ilifungua jengo lake jipya Miami, linaloitwa Terminal A, na kampuni dada yake, Celebrity Cruises, ikapata Terminal 25 katika bandari ya Port Everglades iliyo jirani. Majengo hayo yalipangwa kwa mtindo huu: kaunta chache, kamera na skana nyingi, watumishi wakitembea na tableti mkononi. Kampuni ya Princess ilifuata njia nyingine. Kuanzia 2017, katika meli ya Regal Princess, ilianza kuwapa abiria kidude cha duara kama sarafu, chenye chipu ndani, ambacho humtambulisha mvaaji anapopanda meli na hata kumfungulia mlango wa chumba.

Hebu tuangalie mashine inafanya nini hasa inapopewa pasipoti. Chini ya ukurasa wenye picha yako kuna mistari miwili ya herufi na tarakimu, na kila mstari una nafasi 44. Mpangilio huo umewekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, na pasipoti ya Tanzania, ya Kenya, ya Kongo au ya Oman zote zinaufuata. Ndani ya mistari hiyo kuna tarakimu za ukaguzi, ambazo kazi yake ni kubaini makosa ya kusoma. Mfano: mtu aliyezaliwa siku ya Uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba 1961, tarehe yake huandikwa 611209. Mashine huzidisha tarakimu ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, kisha inaanza tena 7, 3, 1. Inapata 42, 3, 1, 14, 0 na 9, jumla 69. Ukigawanya kwa 10 inabaki 9, na hiyo 9 ndiyo inayopaswa kuwa imechapwa baada ya tarehe. Kama kuna uchafu na ile 1 ya kwanza ikasomeka 7, jumla inakuwa 87, inabaki 7, na mashine inajua mara moja kwamba imekosea. Hesabu ni ya shule ya msingi, lakini inatumika mipakani kote duniani.

Pasipoti za kielektroniki, ambazo Kenya ilianza kuzitoa 2017 na Tanzania mwaka 2018, zina pia chipu yenye picha ya mwenyewe. Chipu hiyo haifunguki kwa kila mpita njia. Katika utaratibu uliozoeleka, ufunguo wake hutengenezwa kutokana na namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, yaani mambo yaliyo katika ile mistari miwili. Kwa hiyo mashine lazima kwanza isome ukurasa, ndipo iweze kusoma chipu. Mistari ikiwa imechubuka, chipu nzima kabisa nayo inaweza isisomeke. Kwa msafiri maana yake ni moja: linda ukurasa ule wa picha.

Kuna hati ambazo mashine haiziwezi kabisa. Sheria ya Marekani inamruhusu raia wake anayesafiri kwa meli inayoanzia na kuishia katika bandari ileile ya Marekani kutumia cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho cha serikali, badala ya pasipoti. Vyeti vya kuzaliwa hutolewa na majimbo na wilaya tofauti, kwa karatasi na miundo isiyolingana, na havina mistari ya kusomwa na skana. Karani anahitajika. Anahitajika pia kwa mtu aliyeolewa na jina la tiketi halilingani na la cheti, kwa mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, na kwa ndugu zetu wanaoishi Marekani kwa kadi ya ukaazi huku wakiwa na pasipoti ya Kenya au Tanzania, ambao visiwa vinavyotembelewa vinaweza kuwawekea masharti tofauti na yale ya Mmarekani. Hao wote kwa kawaida huelekezwa kwa binadamu. Kampuni inayopunguza makarani kwa kutazama tu wale ambao mambo yao ni mepesi inawaonea hawa, na wengi wao ni watu wasio na lugha wala muda wa kujitetea. Kwangu mimi, ubora wa jengo la abiria upimwe kwa jinsi linavyomhudumia aliyekataliwa na mashine, kwa sababu yule mwingine angepita tu kwa njia yoyote.

Sasa tuje kwenye sura. Kamera haiweki akilini uso kama tunavyoukumbuka sisi. Hupima picha na kuigeuza kuwa mfululizo wa namba, kisha ikalinganisha namba hizo na za picha iliyopo, ama ile ya pasipoti, ama ile uliyojipiga nyumbani. Zikikaribiana kuliko kiwango kilichowekwa, inasema ni mtu yuleyule. Kiwango hicho ni uamuzi wa binadamu: ukikilegeza, wageni watapita kwa majina ya wengine, ukikikaza, wenye haki watazuiwa.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuuliza maswali. Desemba 2019 taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, ilichapisha uchunguzi wa programu 189 za utambuzi wa sura. Ilibaini kwamba nyingi kati ya programu hizo hukosea zaidi, kwa kuwadhania watu wawili tofauti kuwa mtu mmoja, pale nyuso zinapokuwa za watu wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Asia Mashariki. Kwa baadhi ya programu tofauti ilikuwa kati ya mara 10 na mara 100. Programu bora zilikuwa na tofauti ndogo sana, na hilo linaonyesha kwamba kasoro inarekebishika, ikiwa mnunuzi ataidai. Gatini hatari hupungua kwa sababu uso wako unalinganishwa na nyuso za walio kwenye orodha ya meli hiyo tu. Lakini kupungua si kwisha, na bandari yoyote ya pwani yetu itakayouziwa kamera hizi inapaswa kumwambia muuzaji athibitishe usahihi wake kwa nyuso za watu wa hapa, kabla ya kulipwa.

Picha nazo huenda wapi? Idara ya Forodha na Ulinzi wa Mipaka ya Marekani, inayotumia kamera abiria wanaporudi, imetangaza kwamba picha za raia wa Marekani hufutwa ndani ya saa 12, na kwamba raia hao wanaweza kukataa kupigwa picha na wakakaguliwa na ofisa kwa njia ya kawaida. Picha za wageni walio wengi huhifadhiwa katika hifadhidata ya serikali kwa miaka mingi. Anayesafiri kwa pasipoti ya kwetu ajue hilo kabla hajasimama mbele ya kamera. Picha uliyoipa kampuni ya meli kupitia simu ni jambo jingine, na inasimamiwa na masharti ya kampuni, yale ambayo watu huyakubali bila kuyasoma.

Nimeiacha mwisho kazi ambayo abiria haioni, nayo naiona kuwa kubwa kuliko zote: hesabu. Tarehe 6 Machi 1987 feri ya Herald of Free Enterprise ilipinduka nje ya bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, na watu 193 wakafa. Waokoaji walifanya kazi bila kujua kwa uhakika ni wangapi waliokuwamo. Baada ya ajali hiyo na ile ya feri iitwayo Estonia mwaka 1994, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, uliimarishwa: watu wote wahesabiwe kabla meli haijaondoka, na katika safari zinazohusika majina yao yahifadhiwe nchi kavu, mahali ambapo waokoaji wanaweza kuyapata. Marekani kwa upande wake inataka orodha ya walioabiri iifikie Idara ya Forodha si chini ya dakika 60 kabla ya meli kung'oa nanga. Ndiyo sababu milango ya usajili hufungwa mapema, na anayefika meli ikiwa bado gatini anaweza kukataliwa. Kila kamera au skana inapokukubali, jina lako limekwishaandikwa kwenye sava iliyo nchi kavu.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kivuko kilichoruhusiwa kubeba watu 101, walikufa zaidi ya 220. Mkata tiketi alikuwa miongoni mwa waliozama, na mashine yake ikapotea pamoja naye. Kumbukumbu ya abiria ilikuwa ndani ya chombo chenyewe.

Kivuko cha Ukara hakihitaji kamera ya kutambua sura. Kinahitaji skana ya mkononi ya kusoma tiketi, mtandao wa simu unaofika hadi gatini, sava iliyo Mwanza au Nansio, na amri kwamba namba ikifikia ile iliyoruhusiwa mlango ufungwe na nahodha asiondoke na mtu mmoja zaidi. Vifaa hivyo tayari vinatumika katika biashara nyingine nchini, na bei yake haifanani hata kidogo na ya majengo ya Miami.

Itaendelea wiki ijayo: mazoezi ya kujiokoa melini, na kilichobadilika baada ya ajali ya meli ya kitalii ya Costa Concordia.