Fahamu: Kwa nini seva pepe huzimika ghafla?

Seva pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya mashine kubwa (mashine mama) inayotumiwa na wengi. Ikizimika bila kuamriwa, usiiwashe tu na kuendelea, tafuta chanzo.

Kwenye Linux, amri ya "last -x" huonyesha ilizimwa na kuwashwa lini. "journalctl -b -1" hufungua kumbukumbu za kabla ya kuzimika, ikiwa zimehifadhiwa kwenye diski. Ukikuta maneno "Out of memory", memori iliisha na mfumo ukaua programu fulani. Huenda seva yenyewe haikuzimika.

Kumbukumbu zikikatika ghafla, muulize mtoa huduma kuhusu mashine mama. Pia, seva nafuu za Spot za Amazon huweza kuchukuliwa tena na kampuni hiyo kwa notisi ya dakika 2 tu. Data muhimu ihifadhiwe pia kwingine.