Gurudumu la Baiskeli na Uzito: Nguvu Imo katika Mkazo wa Spoki

Alfajiri, katika barabara zinazoingia Kasulu na Kibondo, msafiri hukutana na baiskeli zilizosheheni mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi, mihogo na mkaa. Nyanda hizi za juu za Mkoa wa Kigoma zina vilima vingi. Penye mlima mkali mwenye baiskeli hushuka na kusukuma. Penye mteremko hupanda na kujiachia. Ni hapo penye mteremko ndipo gurudumu hupata mtihani wake. Spoki zikikatika na ringi ikapinda, mzigo humwagika, jasho la wiki nzima hupotea, na pengine mtu huvunjika mkono au mguu.

Kwa hiyo swali la gurudumu lipi limfae mtu mzito, au mtu mwenye mzigo mzito, si swali dogo. Gurudumu lenyewe halitofautishi kilo za mwili na kilo za gunia. Watu wengi hujibu upesi kwamba dawa ni spoki nene. Jibu hilo lina kasoro, na sayansi inaweza kueleza kwa nini.

WAYA UBEBAO KWA KUVUTWA

Gurudumu la mkokoteni wa kale lilikuwa na miti minene iliyotoka kitovuni hadi ukingoni. Mti uliokuwa chini ulibeba mzigo kwa kukandamizwa, kama nguzo ya nyumba. Spoki ya baiskeli haiwezi kazi hiyo. Ni waya wenye unene wa milimita 2 hivi. Ukiusukuma kwa urefu wake hupinda mara moja. Lakini ukiuvuta, huhimili uzito wa watu kadhaa. Mafundi wa Ulaya waliitumia tabia hiyo. Mwaka 1869 Eugène Meyer wa Paris alitengeneza gurudumu la spoki za waya, na mwaka 1874 James Starley wa Coventry, Uingereza, alipata hataza ya spoki zinazopishana, ambazo hupeleka vizuri nguvu ya pedali kutoka kwenye habu hadi kwenye ringi.

Fundi anapounda gurudumu, hukaza spoki zote kuzunguka ringi. Katika gurudumu lililokazwa vema, kila spoki yaweza kuwa na mkazo wa nyutoni 900 hivi, kana kwamba mtu wa kilo 90 ananing'inia juu yake. Mkazo huo upo hata kabla ya mtu kupanda.

Je, akipanda, ni spoki zipi zinazombeba? Wengi hudhani kwamba habu huning'inia kwenye spoki za juu. Vipimo huonyesha vingine. Mkazo wa spoki za juu hubadilika kidogo sana. Badiliko kubwa huwa chini, pale ringi inaposukumwa na ardhi. Spoki chache za chini hulegea kidogo, na kule kulegea ndiko kunakobeba mzigo. Spoki ya chini hufanya kazi ya nguzo kwa kupunguziwa mkazo iliokwisha kupewa. Basi mkazo ni akiba, na mzigo hutumia akiba hiyo.

HESABU YA AKIBA

Tuchukue mwendeshaji wa kilo 95, baiskeli ya kilo 20 na mzigo wa kilo 65. Jumla ni kilo 180. Mzigo ukiwa juu ya keria, gurudumu la nyuma laweza kubeba thuluthi mbili, yaani kilo 120, au nyutoni 1,200 hivi. Tukikadiria kwamba spoki nne za chini ndizo zinazogawana kazi hiyo, kila moja hupoteza nyutoni 300. Iliyokuwa na akiba ya 900 hubakiwa na 600. Gurudumu likitumbukia shimoni kwa kasi, kani yaweza kuongezeka mara mbili au tatu, na akiba yote ikaisha kwa kitambo kifupi.

Sasa tuchukue gurudumu ambalo spoki zake zina mkazo wa nyutoni 250 tu. Hata barabara ikiwa tambarare, spoki za chini hulegea kabisa. Spoki iliyolegea huiachia nati yake ndogo ijifungue yenyewe. Mkazo hupungua zaidi, na ringi huanza kuyumba.

Kuna dhara jingine lisiloonekana. Mzingo wa tairi la inchi 28 ni mita 2.2 hivi. Katika safari ya kilomita 40, gurudumu huzunguka zaidi ya mara 18,000, na kila mzunguko spoki hulegezwa na kukazwa tena. Chuma kinachotendewa hivyo huchoka, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa hadi ukakatika. Aghalabu spoki hukatika kwenye shingo yake iliyopinda karibu na habu, na mara nyingi zaidi huwa ya gurudumu la nyuma.

KUCHAGUA GURUDUMU

Kutokana na hayo, jambo la kwanza la kutazama ni idadi ya spoki. Zikiwa nyingi, kila moja hupunguziwa sehemu yake ya kazi. Baiskeli za muundo wa kale wa Kiingereza, ambao viwanda vya China na India viliuendeleza, kwa kawaida huwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma. Mpango huo una hekima: palipo na uzito mwingi pamewekwa spoki nyingi. Mtu mzito asikubali gurudumu la nyuma lenye spoki pungufu ya 36.

La pili ni mkazo ulio sawa pande zote. Spoki nene zilizolegea hushindwa na spoki za kawaida zilizokazwa vema. Zipo hata spoki zilizo nene miishoni na nyembamba katikati, nazo hudumu kuliko zilizo nene kote. Sehemu nyembamba hunyumbuka zaidi, kwa hiyo ringi inapobonyea kidogo, spoki haimalizi mkazo wake upesi.

La tatu ni ringi na tairi. Ringi ya chuma ni imara, lakini hushika kutu, na breki za mpira huteleza juu yake inapolowa mvua. Ringi ya alumini yenye kuta mbili ni nyepesi, ni ngumu, na husimama vizuri zaidi wakati wa masika. Tairi nalo liwe pana na lijazwe upepo wa kutosha. Tairi lenye upepo mdogo huruhusu jiwe kuifikia ringi, likaibonyeza na kuutoboa mpira wa ndani.

NA UPEPO JE?

Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Humo mlionekana magurudumu yenye ringi pana za kaboni na spoki chache, yaliyoundwa ili kupasua hewa. Kijana wa Kibondo aweza kuyatamani. Lakini ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi. Katika kasi ya kilomita 40 kwa saa huwa mara 7 ya ule wa kilomita 15 kwa saa. Mwanamashindano anayekwenda mbio hizo ana sababu ya kuuogopa. Mwenye kilo 180 katika mwendo wa kilomita 15 hupambana na hewa kwa nyutoni 5 au 6 tu, ilhali mlima mdogo unaopanda mita 3 kwa kila mita 100 humvuta nyuma kwa nyutoni 54. Tena sehemu kubwa ya ukinzani wa hewa hutokana na mwili wake, si magurudumu. Kwake yeye, kuuza spoki ili kununua wepesi wa hewani ni biashara ya hasara.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu aweza kuyathibitisha haya bila maabara. Baiskeli iegemezwe ukutani na kushikwa imara. Mwanafunzi atie alama ya chaki kwenye spoki moja ya gurudumu la nyuma, aizungushe hadi chini kabisa, kisha aidonoe kwa kidole kama uzi wa zeze na kusikiliza. Mwenzake apande, naye aidonoe tena. Sauti itateremka, kwa kuwa mkazo umepungua. Spoki hiyo ikipelekwa juu na jaribio likirudiwa, sauti itabadilika kidogo mno.

Njia hiyo hiyo yamfaa mwenye baiskeli nyumbani. Kabla ya kupakia, azidonoe spoki zote za upande mmoja. Inayotoa sauti nzito kuliko wenzake imelegea, na ipelekwe kwa fundi kabla ya safari. Iliyokatika ibadilishwe siku hiyo hiyo, maana jirani zake wamekwisha kuanza kubeba kazi yake. Dakika tano za kusikiliza nyumbani ni nafuu kuliko kuokota mahindi mteremkoni.