Nani Ameishuhudia Mvua ya Masagati?

Masagati iko juu, kwenye miinuko ya Kilombero, nchini Tanzania, inayopanda kuelekea Njombe. Ifakara iko chini, kwenye tambarare la mpunga. Siku Masagati inapoloa tangu alfajiri, Ifakara yaweza kuwa inachomwa na jua. Bondeni mvua ya mwaka huwa kati ya milimita 1,200 na 1,400 hivi, na kadiri unavyopanda milima ndivyo inavyozidi. Mkulima wa huku anayajua hayo bila kufundishwa. Lakini kompyuta iliyo ng'ambo, iliyopewa kazi ya kuamua kama mkulima huyo alipwe fidia ya ukame, haijui lolote mpaka iambiwe. Makala haya yanamhusu huyo anayeiambia.

Tuanze na kompyuta yenyewe. Blokcheni ni daftari la hesabu linalotunzwa kwa pamoja na maelfu ya kompyuta zisizo na mkubwa mmoja. Ndani yake unaweza kuandikwa mkataba unaojitekeleza: ikitokea hivi, lipa vile. Kwa mkulima maneno hayo yanavutia sana. Msimu ukiwa mbaya hakuna fomu ya kujaza, hakuna mkaguzi wa kusubiri, hakuna ofisa wa kumbembeleza. Mvua ikipungua chini ya kiwango kilichokubaliwa, pesa inatoka.

Tatizo ni kwamba mkataba wa namna hiyo hauoni nje. Kila kompyuta inayotunza daftari hurudia hesabu ileile na lazima ipate jibu lilelile. Zingeachwa kila moja iulize hali ya hewa kwa wakati wake, hii ingeambiwa milimita 12 na ile milimita 13, na daftari lingegawanyika. Kwa hiyo taarifa za nje huletwa na mfumo maalumu, zinatiwa saini, zinaandikwa mara moja, na kila kompyuta inasoma namba hiyohiyo. Mfumo huo wa kuleta taarifa ndio unaoitwa orako.

Hapo panazuka mashaka ambayo mahakama zinayajua tangu zamani. Shahidi akiwa mmoja, kesi nzima iko mikononi mwake. Anaweza kudanganya, kuhongwa, au kukosea tu. Mradi wa Chainlink ulizaliwa kujibu mashaka hayo. Waraka wake wa msingi uliandikwa na Steve Ellis, Ari Juels na Sergey Nazarov, ukatolewa Septemba 2017, na mtandao ukaanza kazi kwenye blokcheni ya Ethereum mwezi Mei 2019. Wazo lake ni rahisi kueleza: badala ya shahidi mmoja, waite wengi wasiotegemeana, kisha chukua namba ya katikati. Tuseme mashahidi watano wanaulizwa mvua ya siku kumi, nao wanajibu milimita 0, 41, 43, 44 na 400. Wa kwanza kifaa chake kimekufa, wa mwisho ameongeza sifuri. Ukitafuta wastani unapata karibu 106, namba isiyofanana na chochote kilichonyesha. Ukichukua ya katikati unapata 43. Ili kuipotosha namba hiyo, mtu angelazimika kuwapata watatu kati ya watano.

Afrika Mashariki iliingia mapema katika habari hii, na iliingilia shambani. Mwaka 2009 nchini Kenya ulianzishwa mpango wa Kilimo Salama, ambapo mkulima alikata bima ya mbegu na mbolea dukani kwa muuza pembejeo, na vituo vya hali ya hewa vinavyotumia umeme wa jua vikapima mvua kwa niaba yake. Kutokana na mpango huo ilizaliwa ACRE Africa, inayofanya kazi Kenya, Rwanda na Tanzania. Mwishoni mwa 2020, ACRE na Etherisc ya Ujerumani zilipata ruzuku kutoka mfuko wa Chainlink ili kuhamishia bima hiyo kwenye blokcheni. Kufikia 2021 walikuwa wamesajiliwa zaidi ya wakulima 17,000 wa Kenya, ada zikianzia takriban nusu dola, na fidia zikaingia kwenye simu kwa M-Pesa. Mkulima hakuhitaji kuijua sarafu ya mtandaoni. Alilipa kwa shilingi, akapokea shilingi. Machi 2022 ukatangazwa muungano mkubwa zaidi, ukiongozwa na wakfu wa kampuni ya bima ya Lemonade ya Marekani pamoja na Chainlink, Etherisc, Pula, Hannover Re na wengine, na mapema 2023 muungano huo ukaeleza kwamba umewakatia bima wakulima wapatao 7,000 nchini Kenya.

Mwaka ninaotaka tuutazame kwa makini ni ule wa kuanzia Desemba 2022 hadi Desemba 2023, kwa sababu Chainlink ilipiga hatua kubwa ndani yake. Desemba 2022 ulianza utaratibu wa kuweka amana: watoa taarifa na wafuasi wa mradi walifungia tokeni zao za LINK, sarafu ya mradi wenyewe, nafasi ikiwa tokeni milioni 25. Julai 2023 ikaja njia ya kupitisha ujumbe na mali kati ya blokcheni moja na nyingine. Agosti, SWIFT, mtandao unaobeba ujumbe wa malipo kati ya mabenki ya dunia, ulitoa matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa kutumia njia hiyo pamoja na taasisi kubwa za fedha. Kufikia Desemba 2023 nafasi ya amana ilikuwa imepanuliwa hadi milioni 45, na kwa mara ya kwanza mtoa taarifa angeweza kukatwa sehemu ya amana yake.

Hatua hiyo ya mwisho inafaa kusomwa polepole. Kukatwa amana kulianza na taarifa moja tu, bei ya Ether, sarafu ya Ethereum, kwa dola, na kosa lenyewe lilikuwa kuchelewa: bei isipohuishwa kwa zaidi ya saa 3, wahusika wanakatwa. Kwa maneno mengine, mfumo ulijifunza kumwadhibu shahidi aliyenyamaza. Kumwadhibu aliyesema uongo ni kazi ngumu zaidi, kwa maana lazima kwanza ujue ukweli ni upi, na ungekuwa unaujua usingemwita shahidi.

Soko la fedha limekwisha kuonja uchungu huo. Novemba 2020, bei ya sarafu ya DAI, ambayo kazi yake ni kubaki dola 1, iliruka hadi dola 1.30 kwenye soko moja la Marekani kwa muda mfupi. Mfumo wa mikopo wa Compound ulikuwa umelitegemea soko hilo kwa bei. Kompyuta zote zilifanya kazi yake sawasawa, hesabu haikukosewa hata nukta, na dhamana za wakopaji zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 80 ziliuzwa. Wasomaji wa daftari walikuwa maelfu. Chanzo kilikuwa kimoja.

Sasa turudi Kilombero na swali hilo mkononi: mvua ya Masagati ina vyanzo vingapi?

Bima nyingi za namna hii hutegemea setilaiti. CHIRPS, hifadhi ya takwimu za mvua inayoandaliwa na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ina rekodi kuanzia 1981 na huigawa dunia katika miraba ya takriban kilomita 5 kwa 5. TAMSAT ya Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, inaifanyia Afrika kazi inayofanana. Ni kazi za kuheshimiwa, tena hutolewa bure. Lakini setilaiti hizo hazioni tone la mvua. Zinapima ubaridi wa kilele cha wingu kwa miale ya joto, kisha zinakadiria: wingu refu lenye kilele cha baridi kali ni wingu la mvua. Milimani mambo huenda vingine. Hewa yenye unyevu inasukumwa kwenye mteremko, inapanda, inapoa, na mvua inashuka kutoka mawingu mafupi yenye vilele vya uvuguvugu. Wingu la namna hiyo setilaiti huliona dogo, nalo limenyesha kutwa. Takwimu hizo husahihishwa kwa vipimo vya ardhini, na pale vituo vinapokosekana, sahihisho nalo linakuwa hafifu.

Basi ukichukua kompyuta 20 za orako, zikiendeshwa na makampuni 20 katika nchi 20, zote zikasoma takwimu za setilaiti moja, unaye shahidi mmoja aliyerudiwa mara 20. Saini zitakuwa halali, namba ya katikati itakuwa safi, na mkulima atakosa fidia yake au atalipwa isiyo yake. Wataalamu wa bima huzihesabu tofauti hizi kati ya kipimo na hasara halisi kuwa ugonjwa mkuu wa bima za viashiria, yaani zinazolipa kwa kufuata kipimo, na blokcheni peke yake haiutibu.

Kilombero ina fundo jingine. Hasara ya mpunga huku mara nyingi huletwa na maji kuzidi. Mito ya Mnyera, Ruhudji na Mpanga inashuka kutoka milimani na kukutana bondeni kuwa Kilombero, kisha Rufiji. Mvua kubwa juu, kwa watu wa Masagati, yaweza kuwa neema kwa mahindi, na siku kadhaa baadaye ikawa mafuriko kwenye majaruba ya watu wa chini ambao kwao haikunyesha sana. Mkataba unaopima mvua ya shamba lenyewe hauwezi kuliona jambo hilo. Unahitaji kina cha mto. Kituo cha Swero, karibu na Ifakara, kina mfululizo mrefu wa vipimo vya Mto Kilombero tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na watafiti wa maji wa leo bado wanarudi kwenye takwimu hizo kuukuu kwa kuwa za karibuni ni chache.

Kipima mvua ni kifaa cha kawaida kabisa. Ni mkebe wenye mdomo wa duara, umesimamishwa mahali pa wazi mbali na mti na paa. Saa 3 asubuhi msomaji hufungua, humimina maji kwenye bilauri yenye mistari, huinama mpaka jicho liwe sawa na uso wa maji, huandika. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba ya ardhi. Simu yenye kamera inaweza kuipeleka namba hiyo ikiwa na picha, saa na mahali. Hapo orako inapata kazi inayoifaa: msomaji wa shule, msomaji wa zahanati, kituo cha kujiendesha na setilaiti, kila mmoja kivyake, wanalinganishwa, na anayetofautiana na wenzake mara kwa mara anafuatiliwa.

Na bonde hili lina mazoea ya kuhesabu kwa uangalifu. Mwaka 1996, watafiti wa Ifakara walianza kuzitembelea kaya za vijiji vya Kilombero na Ulanga kila baada ya miezi 4, wakiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Takwimu hizo zilisaidia kuonyesha kwamba chandarua chenye dawa kinaokoa maisha ya watoto. Ziliaminika kwa sababu mtu alifika nyumbani na kuuliza.

Hukumu yangu juu ya mwaka ule wa maendeleo ni hii: njia imekuwa imara kuliko mzigo inaoubeba. Uhandisi wa kufikisha namba salama umekwenda mbali. Uhandisi wa kuipata namba ya kweli kutoka kilima chenye tope umesahaulika, kwa sababu hauna tokeni ya kuuza. Mamlaka ya Hali ya Hewa, Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji na kampuni za bima zinazotaka wateja Kilombero zinaweza kuanzia hapo, kwa vipima mvua katika shule za msingi na posho ndogo ya uhakika kwa anayevisoma. Nawe mkulima, siku wakala atakapokuja na bima inayojilipa yenyewe, kabla hujatoa shilingi muulize mvua hiyo inapimwa wapi, kwa kifaa gani, na nani mwingine anaipima. Asipokuwa na jibu, usikate.