Gari Kuukuu na Njia ya Mvua: Kipi Kitangulie?



Kila mvua zinapokaribia Karamoja, dawati letu la mahusiano ya jamii hupokea swali lilelile kutoka kwa wenye magari ya zamani ya foo-wili, wawe wachuuzi wa mifugo, wachukuzi wa nafaka au watumishi wa makanisa na zahanati. Huuliza: "Afande, fedha nilizo nazo ni chache. Nianze kuboresha kipi?" Wengi wao huwa wamekwisha kujijibu moyoni: winchi ya mbele, taa kubwa za juu, au springi za kuinua gari. Makala haya yanashauri mpangilio mwingine, na ni haki msomaji ajue chanzo cha ushauri huo.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa askari kijana, niliitwa mahali ambapo pikapu kuukuu ilikuwa imezama katika udongo mweusi jioni ya siku ya mnada. Ilikuwa na taa nne mpya juu ya paa, lakini haikuwa na hata ndoano moja madhubuti ya kuvutia. Lori lililopita likakubali kusaidia. Mnyororo ukafungwa kwenye kile kirungu cha chuma cha kukokotea tela. Watu wakakusanyika kutazama, nami nikasimama miongoni mwao. Dereva wa lori akalegeza mnyororo kidogo, kisha akaondoka kwa kishindo. Kirungu kikakatika, kikaruka pamoja na mnyororo, kikampiga kijana mchungaji aliyekuwa amekuja kusukuma. Alipona, lakini mguu wake ulikatwa juu ya goti. Nilikuwa na sare na sauti ya kuwaamuru watu wasogee, nami sikutamka neno, kwa kuwa sikujua hatari iliyokuwepo.

Tangu siku ile nimeamini kwamba fedha ya kwanza ya mwenye gari kuukuu haipaswi kununua kinachoonekana, bali kinacholinda uhai.

La kwanza ni afya ya gari lenyewe. Magari kama Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kuuzwa mwaka 1984, yana sifa ya kudumu, lakini mpira na majimaji yaliyomo ndani yake hayadumu kama chuma. Hozi za rejeta hukauka na kupasuka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, na yakipata joto kali kwenye mteremko, kanyagio huweza kuzama bila gari kusimama. Rejeta huziba kwa vumbi na mbegu za nyasi, na injini huchemka gari linapotambaa kwa gia nzito mchangani. Basi tengeneza kwanza breki, usukani, rejeta, mkanda wa feni na beringi za magurudumu. Hakikisha pia kwamba gia ya magurudumu manne inaingia kweli, kwa maana nyingine hukaa miaka bila kutumiwa. Kumbuka kwamba bampa nzito na tenki la ziada huongeza mzigo juu ya breki zilezile za zamani.

La pili ni matairi. Hakuna kifaa kinachosaidia kwenye tope na mchanga kuliko tairi zima lenye meno, likiwa na upepo unaofaa. Upepo ukipunguzwa, tairi hutandaa na kukanyaga eneo kubwa zaidi, hivyo gari halichimbi. Kwenye mchanga mwingi, madereva wengi hushuka hadi kipimo cha kama 18, na hawaendi kasi wala kukata kona ghafla. Mwenye matairi ya tyubu apunguze kwa tahadhari zaidi, kwa sababu tairi laini huweza kuzunguka juu ya rimu na kung'oa valvu. Upepo urudishwe kabla ya kushika barabara ngumu. Hivyo geji na pampu ni vitu vya kununua mapema, tena bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya winchi.

La tatu ni mahali pa kuvutia. Gari liwe na ndoano imara mbele na nyuma, zilizofungwa kwenye chesisi kwa bolti ngumu. Kirungu cha tela kimeundwa kukokota mzigo unaotembea taratibu, si kustahimili mshtuko wa gari lililozama. Vilevile pete ndogo zinazotumika kufungia gari juu ya meli au lori si mahali pa kuvutia.

La nne ni vifaa vya kunasulia. Anza na sepetu, ubao mpana wa kuweka chini ya jeki, na mbao mbili za kutandika mbele ya matairi. Ongeza mkanda wa kunasulia unaonyumbuka, glovu, na shakeli mbili, yaani pingu za chuma zenye pini ya kukaza, zilizopigwa muhuri wa uzito zinaobeba. Shakeli ya unene wa milimita 19 kwa kawaida huandikwa tani 4.75. Isiyo na maandishi isitumike. Mnyororo haunyumbuki, kwa hiyo usitumike kamwe kuvuta kwa kishindo.

Winchi ni ya tano. Mwenye uwezo anunue yenye nguvu isiyopungua mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa na mzigo: gari la tani 3 linahitaji winchi ya tani 4.5. Lakini winchi iliyofungwa kwenye gari lisilo na breki ni pambo.

Vifaa bila utaratibu huua, kwa hiyo utaratibu nao ufuatwe. Gari likizama, acha kukanyaga mafuta, kwa maana kila mzunguko wa tairi unachimba kaburi lake. Shusha watu na mzigo. Chimba mbele ya kila gurudumu na mahali chesisi ilipolalia udongo, kwa kuwa mara nyingi sepetu humaliza kazi peke yake. Ikibidi kuvuta, mtu mmoja tu atoe ishara, na ndani ya kila gari abaki dereva peke yake. Tandika blanketi zito au koti katikati ya mkanda, ili ukikatika upoteze nguvu. Mikanda miwili isiunganishwe kwa shakeli, kwa sababu mkanda ukikatika, shakeli hiyo huruka kama risasi. Watazamaji wasimame pembeni, umbali unaozidi mara moja na nusu ya urefu wa mkanda, na asiwepo yeyote kwenye mstari wa mvuto, wala mbele wala nyuma.

Kuna hatari moja ambayo hakuna kifaa kinachoiondoa, nayo ni mto wa msimu. Mito yetu ya mchanga huweza kujaa ghafla hata mbingu ikiwa safi juu ya kichwa chako, kwa sababu mvua imenyesha mlimani. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 huweza kusukuma gari dogo, na ya sentimita 60 huchukua magari mengi, foo-wili zikiwemo. Bomba la kupitishia hewa juu ya paa huokoa injini, haliwaokoi abiria. Maji yakitembea, subiri. Kuchelewa sokoni siku moja si msiba.

Kabla ya safari, mwambie mtu njia unayopita na saa unayotarajia kufika. Penye hatari, piga 999 au 112, namba zinazotumika Uganda na Kenya pia.

Neno la mwisho ni kwa wasio na magari, kwa kuwa aliyepoteza mguu siku ile hakuwa na gari. Mila zetu pande zote za mpaka zinatutaka tumsaidie msafiri aliyekwama, na polisi haituombi tuache wema huo. Tunachoomba ni kwamba mzee, mama au kijana wa kwanza kufika aanze kwa kuwarudisha watoto nyuma, kisha atazame mkanda umefungwa wapi. Ukiona umefungwa kwenye kirungu cha tela, simamisha kazi, hata kama dereva amevaa sare.