Bustani za Nchi Kame: Tradeskantia ya Zambarau

Tradeskantia ya zambarau, ambayo jina lake la kisayansi ni Tradescantia pallida, ni mmea wa kudumu unaotambaa, wenye majani marefu ya zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi. Asili yake ni Meksiko, na mtaalamu wa mimea wa Marekani, Joseph Nelson Rose, aliueleza kisayansi mwaka 1911. Ni wa ukoo mmoja na yale majani ya maua ya samawati ambayo wakulima hung'oa shambani wakawalisha sungura.

Weusi huo hutokana na anthosianini iliyojikusanya kwenye ngozi ya jani. Chini yake ukijani umo vilevile. Jua kali hukoleza weusi huo, na kwa jua Kaunti ya Garissa, nchini Kenya, haina mshindani. Mmea ukipandwa chini ya mwarobaini, mashina hurefuka yakitafuta mwanga, vifundo vikaachana, na majani yakarudi kwenye ukijani uliofifia. Kuuzidishia maji hapo hakurudishi rangi, huulegeza tu. Mahali pake ni uwanjani, penye jua la asubuhi hadi alasiri.

Haupandwi kwa mbegu. Kipande cha shina chenye urefu wa kiganja huambuliwa majani ya chini, vifundo viwili vikafukiwa, na mizizi hutoka katika wiki mbili hivi. Wakati mzuri ni mvua za Oktoba hadi Desemba, Deyr kwa Wasomali, ili kiangazi kikute mizizi imeshika. Udongo wa mfinyanzi wa kando ya Mto Tana hutuamisha maji na kuozesha shina, hivyo huchanganywa na mchanga.

Visima kadhaa vya kaunti hii vina maji ya chumvi, nayo huunguza ncha za majani. Maji ya Tana ni bora. Penye uhaba, maji ya udhu yasiyo na sabuni, yakikingwa kwenye beseni, yanatosha, maana jani ni nene na huhifadhi maji. Udongo ukauke kwanza kabla ya kumwagilia tena.

Wakati wa kupogoa, mikono ifunikwe, kwani utomvu huwasha baadhi ya watu. Shina huvunjika upesi na kila kipande chenye kifundo huweza kuota. Garissa imekwisha kuumizwa na mathenge, mti wa kigeni ulioletwa kuzuia jangwa ukaishia kuziba malisho. Basi mabaki ya tradeskantia yaanikwe juu ya mabati hadi yakauke kabisa, wala yasitupwe ukingoni mwa Tana.